Faili Lililosema Ni Mpwa Wangu

Mpwa wangu ni karani wa shule. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, mwanamke mwenye mwili wa kiasi, miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi mweusi, na vidole vyepesi kama vya mtu anayechambua mchele. Walimu wanamwita Bi Chapa. Wanafunzi nao wanamwita hivyo akiwa hayupo. Mumewe, fundi wa viatu, humwita mama watoto siku za amani na Bi Chapa siku za ugomvi. Mimi namwita mjomba naye ananiita mjomba, kama tulivyozoeana tangu anajifunza kusema, na mgeni akitusikia hajui mkubwa ni yupi mpaka aone mvi.

Shule yenyewe naifahamu. Nilipiga kengele yake na kumwagilia maua yake mpaka nikastaafu, na nilipostaafu miguu haikuarifiwa, kila asubuhi inanipeleka palepale. Nikifika nakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mpwa wangu. Nasalimia, natumwa kidogo, nasikia mengi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika mengine nimeyaona, na yale nisiyoyaona nimeambiwa na mwenyewe, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumridhisha mgonjwa.

Ofisi yake ni chumba chembamba kilichobanwa kati ya ofisi ya Mkuu wa Shule na stoo ya mipira. Mlango haufungi mpaka uuinue kwanza kwa goti. Ndani kuna meza, kompyuta, mashine ya kuchapisha inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na kiti chenye mto alioshonewa na mama yake. Pembeni ya skrini kumebandikwa karatasi yenye neno la siri la kufungulia kompyuta, limeandikwa kwa herufi kubwa ili alisome hata akiwa hana miwani. Na wengine wote walisome pia, lakini hilo halikuwa limepangwa.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa hiyo nieleze taratibu.

Zamani kidogo aliletwa shuleni Mwalimu wa Kompyuta, mtu mwembamba mwenye haraka, anayetembea kama anayefuatwa. Alimgawia kila mwalimu akaunti yake, jina lake na neno lake la siri, akasema kuanzia sasa kila mtu ataandika kwa jina lake, na kompyuta itakumbuka nani ameandika nini. Walimu wakapiga makofi. Wiki haikuisha, wote walikuwa wamesahau. Mmoja alichagua jina la mkewe, kisha wakagombana, akawa hataki hata kuliandika. Mwalimu wa Hesabu alichagua neno gumu mno ili wezi wasilipate, naye asilipate. Makamu wa Mkuu aliliandika kwenye kiganja, akanawa mikono.

Basi ikawa kila mwenye kazi anapita kwa mpwa wangu.

"Bi Chapa, niingize dakika moja tu."

"Ingia, mwalimu. Usinifungie dirisha, joto."

Hajawahi kumkatalia mtu. Baadaye hata kuomba wakaacha; akitoka kwenda kuchota maji, anakuta mtu kakaa kwenye mto wa mama yake anagonga vidole. Pale shuleni jambo hilo likapata jina lake, likaitwa kuingia kwa Bi Chapa. "Umeshaandika maswali ya mtihani?" "Nimeandika, niliingia kwa Bi Chapa asubuhi." Siku moja mumewe alikuwa anampigia kiwi viatu Mwalimu wa Hesabu, akamsikia anamwambia mwenzake, bila aibu, kwamba wiki hii ameingia kwa Bi Chapa kila siku na bado hajamaliza. Fundi aliacha kiatu kimoja kinang'aa na kingine kina vumbi, akaja shuleni na brashi mkononi. Ilibidi mpwa wangu amkalishe mbele ya kompyuta na kumwonyesha.

"Sasa kwa nini wasiseme wameingia kwenye kompyuta?" akauliza fundi.

"Kompyuta ina jina langu, baba watoto."

"Basi uipe jina jingine."

Nikiwaza sasa, naona yeye peke yake ndiye aliyeona tatizo, ingawa aliliona kutoka upande usiofaa.

Ukaja mwaka wa shule kutimiza miaka hamsini. Mkuu wa Shule, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, akaamuru kitungwe kitabu cha historia ya shule, kigawiwe wageni siku ya sherehe. Kazi ya kukiandika akapewa mpwa wangu. Akakusanya habari miezi na miezi. Akawafuata wazee, akapekua makabati, akanihoji na mimi juu ya kengele, nikasema mengi sana. Kitabuni nilipata sentensi moja: "Alikuwepo pia mpiga kengele." Sikulalamika. Ni kweli nilikuwepo.

Faili hilo likawa ndani ya kompyuta ya ofisini, na kwa kuwa lilikuwa la aina ile inayofunguka popote penye akaunti yake, aliliweka pia kwenye simu ya Mkuu, ili awe analisoma akiwa nyumbani. Mkuu ana vidole vikubwa, akigusa herufi moja zinaitika tatu. Mpwa wangu akamwonyesha alama ya kipaza sauti: unaigusa, unasema, simu inaandika. Mkuu alifurahi kama aliyeletewa katibu mwingine asiyekunywa chai.

Kumbe walimu nao walikuwa wameshajua faili liko wapi. Kila mmoja akaona si vibaya aisome aya yake, na akiisoma, si vibaya airekebishe kidogo. Mpwa wangu aliacha imeandikwa "mwalimu wa hesabu". Akirudi kutoka kuchota maji anakuta "gwiji wa hesabu". Kesho yake "gwiji wa hesabu asiye na mfano". Aya ya Makamu ilikuwa inanenepa kila siku kama mtoto wa mapacha aliyebaki na ziwa peke yake. Mpwa wangu alikuwa anapunguza, wao wanaongeza. Hakugombana na mtu. Siku ya mwisho alisoma kitabu kizima, akaona kinapitika, akazima taa, na asubuhi yake akakituma kwenye duka la kuchapisha vitabu bila kukifungua tena.

Hakujua kwamba jioni ile ile faili lilikuwa limeongezeka maneno.

Mchapishaji ndiye aliyepiga simu. Simu ya shule iko kwa Mkuu, lakini Mkuu alikuwa darasani, ikapokewa na Makamu. Makamu ni mama mwenye kifua kipana na kilemba kilichokaa wima hata upepo ukivuma. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, nikasikia upande wake wa mazungumzo.

"Ukurasa wa Mkuu? Una nini? ... Kama nini? ... Rudia. ... Kama gunia?"

Akaweka simu chini polepole. Akatoka, akanipita bila salamu, akaenda kumngoja Mkuu mlangoni mwa darasa. Nikaona kilemba kinainama, nikaona Mkuu anasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Wameniita nani?"

"Gunia, Mkuu. Mbele ya wageni wote. Na kuna habari ya bomba, sikuielewa vizuri."

"Sitaki kuisikia! Sitaki kuisoma! Aitwe Mwalimu wa Kompyuta aniambie ni nani."

Mwalimu wa Kompyuta akaja mbio, akakaa kwenye kiti cha mpwa wangu, akabonya hapa, akabonya pale. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando na ndoo ya maji mkononi, hajui kinachoendelea. Ndani ya mafaili kama hayo, nilivyoelezwa, kuna mahali panapoweka kumbukumbu ya kila aliyefungua na kila aliyegusa: huyu ameongeza hiki, huyu amefuta kile. Mwalimu akapafungua mahali hapo. Hakuhitaji hata kusoma ile sentensi. Kurasa zote, aya zote, neno la kwanza mpaka la mwisho, zilikuwa na jina moja.

"Ni Bi Chapa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo cha homa.

"Mimi nimefanya nini?" akauliza mpwa wangu.

Mkuu hakumwangalia. "Ijumaa kuna kikao cha walimu wote. Ushahidi utaonyeshwa ukutani. Jumatatu utakabidhi funguo. Na kuanzia sasa usiguse kompyuta hii."

Jioni alipita kwangu. Mpwa wangu akiwa na shida huwa hakai, anafanya kazi za mwenye nyumba. Alinifulia kikoi kilichokuwa safi, akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Mjomba," nikamwambia, "kaa basi."

"Nikikaa nitalia."

"Wanasema umemwita gunia."

"Mimi? Mimi simwiti hivyo hata huyu fundi wangu, na yeye anastahili." Akapiga sufuria na kitambaa. "Hata hiyo sentensi sijaonyeshwa. Nakuja kufukuzwa kwa maneno nisiyoyajua. Ningejua walau ni maneno mazuri."

Dada yangu alikuwa amekwisha kupata habari, habari humfikia kabla hazijatokea. Akapiga simu, tukaiweka ili sote tusikie.

"Mwanangu, niambie mimi mama yako. Hukuandika?"

"Sikuandika, mama."

"Hata kidogo?"

"Mama!"

"Nauliza tu, maana huyo bwana kweli anafanana. Haya. Lakini ukiondoka hapo usisahau mto wangu."

Mpwa wangu akacheka, kisha akakaa, na kweli alilia. Nikaelewa kilichokuwa kinamuuma. Ni kweli nyumba inamtegemea, fundi wa viatu hutegemea mvua na mvua haina ratiba. Lakini zaidi ya hapo, mtu huyu amekaa kwenye kile chumba chembamba tangu nywele zake hazijaona mvi, ameandika vyeti vya watoto ambao sasa wanaleta watoto wao, na hajakosea jina la mtoto hata mmoja. Sasa aondoke akisemwa kwamba alichafua kitabu kile kile alichokipenda. Afadhali angeambiwa ameiba mipira ya stoo.

Ijumaa walimu wakakusanyika kwenye chumba chao. Mimi nilipeleka viti vya ziada, na viti vikishakaa mbebaji naye hukaa, hakuna aliyeniuliza. Mwalimu wa Kompyuta alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kuweka ile mashine ya kumulika picha, inayovuma kama nzi aliyefungiwa. Mkuu alikaa mbele, amefunga vifungo vyote vya koti. Kiti cha Makamu kilikuwa kitupu. Tuliambiwa ana dharura kidogo, atafika.

Mpwa wangu alisimama karibu na mlango, amejifunga kitenge chake cha misiba.

Mkuu akakohoa. "Ndugu walimu, leo tuna jambo zito." Kisha akatazama meza, akaona vikombe vitupu. Kikao bila chai hakikuwahi kufanyika pale, na aliyejua sukari inakaa wapi ni mmoja tu. "Bi Chapa," akasema, "kabla hatujakuhukumu, tumiminie chai."

Mpwa wangu akachukua birika, akaanza kumimina, mtu mmoja mmoja, na kila mwalimu aliyepokea kikombe alitazama chini.

Shuka likawaka. Faili likaonekana kubwa kama mlango. Mwalimu wa Kompyuta akafungua ule upande wa kumbukumbu, akachukua fimbo, akaanza kuonyesha.

"Hapa tunaona Bi Chapa ameongeza maneno 'gwiji wa hesabu'. Hapa Bi Chapa amefuta. Hapa Bi Chapa ameyarudisha, akaongeza 'asiye na mfano'. Hapa amefuta tena. Hapa ameyarudisha kwa herufi nene."

"Huyu mama ana tabu na nafsi yake," akanong'ona mwalimu wa michezo.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Hapa Bi Chapa anaandika kwamba mwalimu wa michezo aliwahi kuchezea timu ya mkoa."

"Hilo ni kweli!" akasema mwalimu wa michezo kwa haraka, kisha akaona watu wanamtazama. "Nilikaribia."

Mkuu akagonga meza. "Twende kwenye ukurasa wangu."

Mwalimu wa Kompyuta akashusha kurasa. Ghafla akasimama. Juu ya shuka, kwenye aya ya Makamu, kulikuwa na kijistari chembamba cha rangi kinachowakawaka, na kando yake jina la Bi Chapa. Kikaanza kutembea. Mbele ya macho yetu herufi zikatoka moja moja, zikijiandika: "Makamu wetu, mama mlezi na nguzo..."

Kikasimama. Kikafuta "nguzo". Kikaandika "mhimili".

Shingo zote zikageuka kwa pamoja kuelekea mlangoni. Mpwa wangu alikuwa amesimama pale pale, birika mkono wa kulia, kikombe cha mwalimu wa michezo mkono wa kushoto, mdomo wazi.

"Mwangalieni miguu," akasema Mwalimu wa Hesabu.

Tukamwangalia miguu. Ilikuwa ndani ya ndala, imetulia.

Kule ukutani jina lake likaendelea kuchapa kazi: "...na mhimili wa nidhamu, ambaye bila yeye shule hii ingekuwa..." Likafuta. "...isingekuwa..." Likafikiri kidogo.

Polepole shingo zikageuka tena, safari hii kwenye kile kiti kitupu.

"Babu," Mkuu akaniambia, "hebu nenda ofisini kwa Bi Chapa ukaone."

Sikuhitaji kwenda. Tulisikia mlango wa ofisi ya mpwa wangu unainuliwa kwa goti na kufungwa, kandambili zikaja kwa haraka, na Makamu akaingia anajipepea.

"Samahani sana ndugu zangu, nilikuwa msalani."

Ukutani kijistari kimelala.

"Msalani kumewekwa kibodi?" akauliza Mwalimu wa Hesabu.

Chumba kikalipuka. Makamu akatazama shuka, akaliona neno lake "mhimili" limesimama juu ukutani kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani. Lakini yule mama si wa kuanguka kirahisi. Akakaa, akakivuta kilemba.

"Nimeandika. Kwani nani hapa hajaandika? Nyanyua mkono wewe ambaye hujaingia kwa Bi Chapa." Akamgeukia Mwalimu wa Hesabu. "Nyanyua basi, asiye na mfano."

Mikono yote ilibaki kwenye vikombe. Hata Mwalimu wa Kompyuta, ambaye alikuwa ameanza kuinua wake, aliushusha akajikuna sikio.

"Kumbe!" Mkuu akasimama. "Basi ni wewe, Makamu! Ni wewe uliyeniita gunia!"

"Mimi?" Makamu naye akasimama, na akisimama chumba kinapungua. "Mkuu wangu, tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa wembamba. Mimi nikitaka kumwita mtu gunia namwita tukiwa tumetazamana. Nimewahi kukuita?"

"Hujawahi."

"Basi nitafute kwingine."

"Isomwe!" akafoka Mkuu. "Isomwe sentensi yote, kwa sauti. Mwenye maneno yake tutamjua kwa namna anavyosema."

Mwalimu wa Kompyuta akaitafuta, akaikuza, akaisoma kwa ile sauti yake kavu. Ilikuwa haina nukta wala mkato.

"Mkuu wa shule wa sasa ni kiongozi shupavu mwenye maono ya mbali ambaye tangu ashike usukani shule imepiga hatua kubwa na we baba unaongea na nani huko giza linaingia umekaa hapo kama gunia la mkaa na bomba la jikoni linavuja tangu watoto wamefungua shule mpaka wamefunga kila siku kesho kesho nimechoka kutega ndoo au unataka nimwite jirani aje akutengenezee si naongea na wewe au naongea na kabati haya endelea na ushupavu wako."

Nje mtoto mmoja alikuwa anasoma herufi kwa sauti.

"Lakini," akasema mwalimu wa michezo, akiwa ameziba nusu ya mdomo, "shule yetu haina jiko."

"Haina," akakubali Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa mwekundu machoni kwa kubana kicheko. "Wala kabati linaloongeleshwa."

Mimi nilikuwa namtazama Mkuu. Mtu akisikia maneno ya nyumbani kwake katikati ya watu anakuwa na uso wake maalumu, masikio yanarudi nyuma. Alikaa. Mkono wake ulikuwa umeshika mfuko wa koti, pale panapokaa simu.

Nikamtazama na mpwa wangu. Yeye ndiye aliyeweka kile kipaza sauti kwenye ile simu, kwa jina lake. Alikuwa ameelewa. Niliona alivyoweka birika mezani taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mkuu," akasema, "naomba niseme."

"Sema."

"Jina ni langu. Sikumbuki kuandika hivyo, lakini mtu akichoka huandika mengi. Kama itasaidia kikao kiishe, semeni ni mimi."

"Mjomba!" nikasema, na sikupaswa kusema, mimi nilikuwa mbebaji wa viti.

Akanionyesha kiganja, ninyamaze.

Sasa hapo ndipo Mkuu alipobanwa. Angeweza kusema asante, kikao kimefungwa. Walimu wengine wangeguna, lakini wangekwenda darasani. Jina lilikuwa pale ukutani, limeandikwa na mashine isiyo na chuki na mtu. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na kwa mujibu wa ile sentensi alikuwa na uzoefu.

Akafungua kifungo kimoja cha koti. Akafungua cha pili.

"Bomba hilo," akasema, "ni la kwangu."

"Unasemaje, Mkuu?" akauliza Makamu, ambaye alisikia vizuri kabisa.

"Nimesema bomba ni la kwangu! Jiko ni la kwangu, ndoo ni ya kwangu, na mwenye sauti ni mke wangu. Nilikuwa naongea na simu. Nilidhani nimeizima."

Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyeanza. Kilimtoka puani kwanza, na chai. Kisha mwalimu wa michezo akalala juu ya meza. Makamu alicheka hadi kilemba kikaegemea upande, jambo ambalo sijaliona mpaka leo mara ya pili. Mkuu alivumilia, akatazama dari, akatazama shuka, akalisoma tena lile neno "kabati", na bega lake moja likaanza kutikisika. Alipocheka, kwa ile sauti yake, yule mtoto wa nje aliacha kusoma herufi.

"Bi Chapa," akasema alipopata pumzi, "rudi kwenye kiti chako. Na samahani. Nakuomba samahani mbele ya hawa."

"Nimeipokea, Mkuu," akasema mpwa wangu. "Nani hajapata chai?"

Mchana walimu walipokwisha kutawanyika, niliona Mkuu anaufikia mlango wa ofisi ile, anauinua kwa goti kama sote. Mimi nipo kwenye benchi, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto.

"Ile sentensi," akasema, "umeshaiondoa?"

"Nimeiondoa. Kitabu kipya nitakituma jioni. Wageni hawataiona."

"Imefutika kabisa?"

Mpwa wangu, nilivyosema, uongo hawezi. "Kwenye kitabu imefutika. Kwenye kumbukumbu za faili ipo. Zile huwa hazisahau."

"Sasa nani anaweza kuingia huko akaisoma?"

"Yeyote anayeingia kwa jina langu, Mkuu."

"Yaani wote."

"Wote. Mwalimu wa michezo ametoka kuisoma sasa hivi. Amekuja mara mbili."

Nilisikia Mkuu akishusha pumzi ndefu, kisha nikasikia mto wa dada yangu ukilalamika chini ya mtu mzito. Alikuwa amekaa.

"Basi nifungulie akaunti yangu mimi. Yenye jina langu. Kama nitaandika upuuzi, ujulikane ni wangu. Na wengine wote wafungue zao leo hii, Mwalimu wa Kompyuta asiende nyumbani kabla hajamaliza."

"Neno la siri unataka lipi, Mkuu?"

"Hilo sikuambii."

"Vizuri. Liandike mwenyewe. Mimi natazama dirishani."

Akatazama dirishani, akaniona, akanikonyeza. Nyuma yake kidole kimoja kikubwa kilikuwa kinatafuta herufi, kinaipata, kinaipoteza. Ilichukua muda mrefu sana. Kisha Mkuu akaomba afunguliwe ukurasa wake, akafuta "shupavu", akafuta "maono ya mbali", akabakiza kwamba alikuja shuleni pale akiwa mwalimu wa jiografia, na kwamba bado yupo.

"Inatosha?" akauliza.

"Inatosha sana," akasema mpwa wangu, akavaa miwani, akaisoma tena pole pole kuona kama hakuna herufi iliyoitika mara tatu.